Mkituuliza, Rudini na Majibu

Ofisi nyingi siku hizi hugawa dodoso la kuridhika kwa wafanyakazi. Juu limeandikwa "Jaza kwa uhuru, jina lako halihitajiki." Chini yake linauliza: idara, jinsia, umri, cheo, miaka kazini. Sasa idara ya uhasibu ina watu wanne na mwanamke ni mmoja. Huyo dada kabakiwa na siri gani? Nimeona wenzangu wakifika hapo wanaweka vema kwenye "naridhika sana" toka juu mpaka chini, wanarudisha karatasi, wanaendelea na kazi. Menejimenti inapata wastani wa kupendeza, na watu wazuri wanaendelea kuacha kazi mmoja mmoja. Idara ndogo ziunganishwe kwenye matokeo na vipengele hivyo viondolewe. Hilo ni jambo la nusu saa tu.

Kigumu zaidi ni kusikiliza. Mwaka 1928 kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, kilianza kuwahoji wafanyakazi wake, na kufikia 1930 waliohojiwa walizidi 20,000. Wahoji waliingia na maswali yaliyopangwa. Wafanyakazi wakawa wanayaacha maswali hayo na kueleza yanayowakera wao, mpaka utaratibu ukabadilishwa: mhoji anyamaze, mfanyakazi aseme alilo nalo. Karibu miaka mia imepita, nasi bado tunapewa namba moja hadi tano tuzungushie duara.

Hapa Tanzania tunacho chombo kinachofaa kabisa kwa kazi hii, na inaniuma kuona hatukitumii. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ndio ulioleta mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Barazani menejimenti inakaa meza moja na wawakilishi wa wafanyakazi. Lakini nenda kwenye vikao vingi: bajeti inawasilishwa, wajumbe wanaipitisha, picha ya pamoja inapigwa. Dodoso nalo limefungiwa kabatini kwa afisa utumishi. Waliolijaza hawajui hata lilisema nini.

Matokeo yasomwe barazani, yote, hata yanayomgusa mkurugenzi. Kama kilio kikubwa ni malipo ya saa za ziada kuchelewa, atajwe anayelishughulikia na tarehe ya kumaliza. Lisilowezekana liambiwe haliwezekani, na sababu itolewe. Sisi ni watu wazima. Fedha zikiwa hazipo tunaelewa. Kinachovunja moyo ni kujaza karatasi mwaka huu na mwaka ujao, kero ikiwa ileile na hakuna aliyerudi kutuambia neno. Mtu aliyevunjwa moyo hivyo hamtampata tena kwa dodoso, hata mkiliandika upya kwa ustadi gani.

Basi kikao cha baraza kinachofuata kianze na orodha ya yaliyoahidiwa kikao kilichopita, lipi limefanyika na lipi bado, kabla bajeti haijafunguliwa.