Kabla ya Kuongeza Megabiti, Tupange Foleni

Mwaka jana niliitwa na chuo kimoja cha wauguzi na wakunga mjini Arua, nikamkuta Sista anayefundisha ukunga ameweka kompyuta mpakato juu ya meza, projekta ikimulika ukuta uliopakwa chokaa, na wanafunzi wapatao 40 wamebanana kwenye mabenchi wakimtazama mhadhiri aliyekuwa Kampala. Mhadhiri alikuwa akionyesha, kwa kutumia mwanasesere, namna ya kumpa pumzi mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua. Alipofika mahali pa kubana kinyago juu ya pua na mdomo, picha iliganda. Sauti ikakatakata, ikanyamaza, na picha iliporudi mwanasesere alikuwa ameshafunikwa kitambaa na somo limeingia hatua nyingine. "Fundi," Sista aliniambia bila kugeuka, "dakika ya kwanza ya mtoto ndiyo tunayoifundisha hapa, na ndiyo ambayo mtandao wenu unatunyima."

Taasisi nyingi nilizozihudumia nchini Uganda zikifikwa na tatizo hili hukimbilia kununua kasi kubwa zaidi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, tena kosa la gharama. Chuo kile kilikuwa kinalipia megabiti 20 kwa sekunde za kupokea na megabiti 5 za kutuma, na mkuu wa chuo alikuwa tayari kuongeza mara mbili siku ile ile. Nilimwomba anipe siku mbili za kupima kwanza. Saa 12 asubuhi, wanafunzi wakiwa bado mabwenini, paketi ya majaribio, yaani kifurushi kidogo cha data, ilikwenda Kampala na kurudi kwa milisekunde 38. Saa 4, darasa likiendelea, safari ile ile ilichukua milisekunde 1,700. Umbali haukuwa umebadilika: kutoka Arua hadi Kampala ni kama kilomita 480 kwa barabara, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo zinazobeba mtandao husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde moja, kwa hiyo hata nyuzi zikizunguka huku na huko, njia yenyewe haiwezi kula zaidi ya milisekunde chache. Karibu muda wote uliobaki ulikuwa wa kusubiri kwenye foleni, na foleni ilikuwa mlangoni mwa chuo chenyewe, pale data inapoingia kwenye laini ya mtoa huduma.

Kilichoijaza kilikuwa simu. Zilipokuwa zikiingia kwenye waifai ya chuo, zilianza kupandisha picha na video za jana kwenye hifadhi ya mtandaoni, kimyakimya, zikiwa mifukoni mwa wenyewe. Upande wa kupokea ulikuwa na nafasi tele, lakini ule wa kutuma ulikuwa umefurika, na maswali ya Sista kwa mhadhiri yalikuwa nyuma ya picha za harusi. Hesabu yake ni nyepesi: kifaa cha mlangoni kikiwa na akiba ya kushikilia megabaiti 1, yaani megabiti 8, ya paketi zinazosubiri, na laini ikitoa megabiti 5 kwa sekunde, paketi inayofika mwisho wa foleni itasubiri sekunde 1.6 kabla ya kutoka. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano unataka sauti ya mazungumzo isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu wasikilizane vizuri. Ukinunua megabiti 10 za kutuma, kusubiri kutapungua hadi sekunde 0.8, jambo ambalo bado haliwezi kuvumilika, na zaidi ya hapo simu zile zitazijaza megabiti 10 kama zilivyozijaza 5, kwa kuwa zimeundwa kutumia chochote zinachokipata.

Aliyekulia kijijini ataelewa haraka nikimpeleka kwenye kisima cha pampu. Mtu mmoja akija na jerikeni 20 za njano akazipanga, na nyuma yake akasimama mtoto mwenye kikombe anayemtafutia maji mgonjwa aliye ndani, hakuna kijiji chenye akili kitakachomwambia mtoto asubiri jerikeni zote zijae, wala hakuna atakayesema dawa ni kuchimba kisima cha pili. Mtoto atapishwa. Kikombe chake hakipunguzi chochote kwenye jerikeni za yule mwingine. Paketi za sauti ni vikombe: simu ya sauti ya kawaida haihitaji hata megabiti moja kwa sekunde, inahitaji sehemu ya kumi tu ya hiyo, lakini inaihitaji sasa.

Hapa ndipo neno "video" linapowapotosha watu wengi, wakiwemo baadhi ya watengenezaji wa ruta, vifaa vinavyopitisha data kati ya jengo na mtandao, wanaoweka kisanduku kimoja chenye jina hilo na kukuambia ukiteue. Filamu au somo lililorekodiwa, unalolitazama YouTube, hujipakulia sekunde nyingi mbele ya macho yako. Mtandao ukiyumba kidogo hutajua, na laini ikipungua programu itashusha ubora wa picha bila kukuuliza. Hiyo ni jerikeni, ingawa ina picha ndani yake. Darasa la moja kwa moja, au daktari wa Kampala anayemwangalia mgonjwa aliye wilayani kupitia kamera, halina akiba yoyote ya mbele, na paketi iliyochelewa huko ni sawa na iliyopotea. Ukizipa video zote mbili kipaumbele kimoja, umewapanga mwenye kikombe na mwenye jerikeni 20 kwenye mstari uleule, na kazi yako yote imekuwa bure.

Tulichofanya kwanza chuoni kilionekana kuwa hasara. Niliweka ruta isitume zaidi ya megabiti 4.5 wala isipokee zaidi ya 18, chini kidogo ya kile kilicholipiwa, na mkuu wa chuo aliniuliza kwa haki kabisa kwa nini namnyang'anya alichokinunua. Sababu ni kwamba foleni hujengeka mahali palipo pembamba kuliko pote, na pembamba hapo pakiwa kwenye kifaa cha mtoa huduma, sisi hatuna mkono wa kupanga lolote. Tukijibana wenyewe kidogo, foleni inahamia kwetu, na ikiwa kwetu tunaweza kuipanga. Kisha niliwasha mpangilio unaoitwa fq_codel, uliojengwa juu ya kazi ambayo Kathleen Nichols na Van Jacobson waliitoa mwaka 2012, ambao huigawa foleni kubwa katika foleni ndogo kwa kila mazungumzo na kuanza kutupa paketi zinapokaa muda mrefu mno, ili simu inayopandisha picha ielewe kwamba inatakiwa kupunguza mwendo. Ni programu huria, imo ndani ya mfumo endeshi wa Linux kwa miaka mingi, na ruta nyingi za bei ya kawaida zinaweza kuiendesha. Saa 4 ya siku iliyofuata, kipimo kilisoma milisekunde 61.

Sauti ikatulia, lakini picha iliendelea kuganda mara mojamoja, na sababu yake ilikuwa hewani. Waifai haifanani na waya. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya redio, hupokezana hewa, kimoja kikisema vingine vinyamaze, kwa hiyo kinachogawanywa kwa kweli ni muda. Rudi kisimani: anayewachelewesha watu si lazima awe mwenye maji mengi, anaweza kuwa mzee asiye na nguvu, anayeshika mpini robo saa kwa mtungi mmoja. Paketi ya baiti 1,500 ina biti 12,000. Simu iliyo karibu, inayozungumza kwa megabiti 54 kwa sekunde, huituma kwa takriban milisekunde 0.22, ilhali simu iliyo mbali, nyuma ya kuta mbili za matofali, iliyoshuka hadi megabiti 1, huishika hewa kwa milisekunde 12 kwa paketi ileile. Kifaa cha waifai cha darasa lile kilikuwa kimefungwa kwenye korido, na kilikuwa kikihudumia pia vijana waliokaa chini ya mwembe uani, kila mmoja akiwa mzee wa mpini bila kujua.

Tulikihamishia ndani ya darasa. Tukazima kasi za zamani za megabiti 1 na 2 ili simu ya mbali itafute kifaa kingine badala ya kung'ang'ania hiki, tukaipeleka kompyuta ya Sista kwenye masafa ya gigahezi 5, na kwenye gigahezi 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, tukahakikisha vifaa jirani havitumii chaneli ileile. Siku ya tatu nilifanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza laiti ningewaza: nilivuta waya hadi kwenye kompyuta ile. Kifaa kisichohama mezani hakina haja ya kupigania hewa.

Kuna jambo dogo la alama ambalo limewachosha wenzangu wengi. Paketi ya sauti kwa desturi hubandikwa namba 46 ili ipewe njia, lakini vifaa vingi vya waifai husoma biti tatu za kwanza tu za namba hiyo, na 46 (kwa biti, 101110) ikisomwa hivyo inakuwa 5 (101), ambayo hewani ni foleni ya video na si ya sauti. Nyaraka za viwango zilipendekeza marekebisho mwaka 2018, lakini vifaa vilivyotundikwa kwenye dari zetu vingi havijabadilishwa mipangilio. Pia usitegemee alama zinazotoka nje, kwa kuwa nyingi hufutwa njiani; afadhali uzibandike mwenyewe mlangoni, kwa mfano kwa kuitambua Zoom, programu ya vikao vya video, kwa namba za milango inayopitishia data zake, yaani bandari za UDP 8801 hadi 8810. Na foleni ya wenye haraka iwekewe kikomo, theluthi moja ya laini hivi, isije ikawamaliza wengine.

Suala gumu kuliko yote halikuwa la kiufundi. Mkuu wa chuo aliniita ofisini, akanipa chai, akasema, "Fundi, sasa iweke na kompyuta yangu mbele." Nilimjibu kwa heshima kwamba akiwa kwenye kikao cha video atapita mbele kama mtu yeyote aliye kwenye kikao, lakini akipakua faili atapanga foleni. Nimeona ofisi zilizopanga mtandao kwa vyeo, mkurugenzi akiwa wa kwanza na wahudumu wakiwa wa mwisho, na kwa maoni yangu huko ni kuharibu chombo kizuri, kwa sababu kipaumbele kinachofuata mtu kinabeba hata masasisho ya usiku ya kompyuta yake na kuyapitisha mbele ya mgonjwa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema nimwandikie hilo kwenye karatasi ili awaonyeshe wenzake watakaokuja na ombi kama lake.

Umeme ukikatika, laini ya nyuzi hufa na chuo huhamia kwenye modemu ya 4G, ambayo kasi yake hupanda na kushuka kwa saa, hasa jioni, na kikomo nilichokiweka hakilingani tena na kitu chochote. Kwa hali hiyo nimeweka mpangilio wa pili, wa megabiti 2 za kutuma, nikamwuliza Sista nini kitangulie. Alifikiri akiwa amemshika yule mwanasesere. Akasema sauti kwanza, halafu kamera ya mhadhiri ielekezwe kwenye mikono yake tu, kwa picha ndogo. Uso wake wanaufahamu.