Sauti Ndani ya Ngoma

Bibi yangu mzaa baba, hapa hapa Bagamoyo, alikuwa na hadithi moja ambayo hakuitamba mchana hata umbembeleze vipi. Wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe. Mmoja anapata kombe zuri kuliko yote, analiweka juu ya mwamba ili asilipoteze, na ndilo analolisahau. Anakumbuka wakiwa nusu ya njia. Wenzake wanakataa kurudi naye, jua limeshazama. Anarudi peke yake, anaimba asije akaogopa, na pale mwambani anamkuta zimwi. "Sauti gani tamu hivyo? Sogea, niimbie tena." Akisogea, anakamatwa, anatiwa ndani ya ngoma, ngozi inawambwa juu yake. Tangu siku hiyo zimwi anatembea kijiji kwa kijiji. Akiipiga ngoma, mtoto anaimba mle ndani. Watu wanastaajabu, wanampa wali na kuku, anakula, anahama.

Wimbo wa mtoto ulikuwa mmoja. Bibi aliuimba kila kijiji akipigia sinia kwa vidole viwili, na sisi tukiitikia. Kijiji cha kwanza tulicheka. Cha pili tuliimba kwa fujo. Kijiji cha mwisho bibi aliacha kupiga sinia. Aliimba taratibu, maneno yaleyale, ila safari hii mama wa mtoto amekaa miongoni mwa wasikilizaji. Hakuna aliyeitikia. Binamu yangu mkubwa, ambaye wakati huo alijiona hadithi za watoto zimempita, alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa mkeka.

Nilipokuwa mtu mzima nikajua kuwa watunzi wa majukwaa ya London na New York wana jina maalumu la kitu kile: wimbo unaoimbwa mapema katika igizo, kisha unarudi baadaye mambo yakiwa yamegeuka, na kwa sababu hiyo unasikika kama wimbo mwingine. Wanakitegemea sana. Mimi nilikuwa nimekipata kwenye mkeka, kabla sijajua kusoma.

Napenda maigizo ya nyimbo. Nazungumzia yale ambayo kisa kinakwenda kwa kusema, kuimba na kucheza, na ukiuondoa wimbo kisa chenyewe kinakatika. Sijawahi kukaa kwenye ukumbi wowote wa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo huko New York. Ninayoyajua nimeyapata kwa rekodi na video, mengi nimeyasikiliza kwa hedifoni ndani ya basi la Makumbusho, kichwa kikiwa kimeegemea dirisha. Hata hivyo, nikiulizwa ni sanaa gani naipenda kuliko zote, sihitaji muda wa kufikiri.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini mtu aache kuongea aanze kuimba? Nani anafanya hivyo kwenye maisha? Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaoliuliza ni watu ninaowaheshimu. Jibu langu la kwanza nalitoa kwenye banda la video la Magomeni yetu hii ya Bagamoyo, ambako nilimwona Sarafina nikiwa mdogo.

Wengi tunaijua kama filamu, ile ya 1992. Lakini Sarafina alizaliwa jukwaani. Mbongeni Ngema aliliandaa igizo lile mwaka 1987 kwa ajili ya Market Theatre ya Johannesburg, Hugh Masekela akiwa na mkono wake kwenye nyimbo, na mwaka uliofuata likafika Broadway. Leleti Khumalo, msichana tuliyemwona kwenye kioo, ndiye aliyekuwa Sarafina wa jukwaani pia. Kisa ni cha wanafunzi wa Soweto na maandamano ya Juni 16, 1976, walipokataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana.

Banda letu lilikuwa na mtafsiri. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, na alikuwa fundi wa kuongeza chumvi: mtu kwenye filamu akisema neno moja, yeye anatoa matano. Tulimpenda kwa hilo. Lakini nyimbo zilipoanza, akanyamaza. Kwanza alijaribu mstari mmoja, akaachia katikati, kisha akakilaza kipaza sauti kwenye mapaja. Hakukigusa tena hadi wimbo ulipokwisha. Mbele yangu alikaa mzee muuza samaki, ndoo yake tupu katikati ya miguu, na alikuwa anaitikia wimbo ule wa Kizulu kwa sauti ya chini kabisa, bila maneno, pumzi tu. Hatukujua neno hata moja, wala hakuna aliyeuliza wanasema nini. Maongezi tulihitaji kutafsiriwa. Nyimbo zilitufikia zenyewe.

Watu wale waliimba kwa sababu kusema kulikuwa kumekwisha. Wamekatazwa kusema, wamepigwa kwa kusema, na bado kifuani mna kitu. Hapo ndipo wimbo unapoingia katika igizo lililotungwa vizuri, na usipokuwa na sababu kama hiyo, nakubaliana na wanaolalamika: ni kupoteza muda wa watu.

Jibu la pili ni la ufundi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo ninapopenda zaidi. Mwaka 1957 huko New York lilianza igizo liitwalo West Side Story, muziki wa Leonard Bernstein, maneno ya Stephen Sondheim. Ni Romeo na Juliet wa Shakespeare wakiwa wamehamishiwa mitaani, kati ya magenge mawili ya vijana. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza kuna wimbo wa kuusubiri usiku. Genge moja linausubiri kwa sababu litapigana. Genge la pili hali kadhalika. Mwanamke mmoja anamsubiri mpenzi wake arudi kutoka kwenye ugomvi huo. Na wapenzi wawili, wasiojua damu itakayomwagika, wanausubiri ili waonane. Kila upande unaanza kuimba peke yake, kisha zinapandana, sauti juu ya sauti, mpaka zote tano zinakwenda kwa wakati mmoja na unazisikia zote. Fikiria watu watano wakiongea kwa pamoja sebuleni kwako. Utashika lipi? Muziki peke yake ndio unaoweza kukupa matumaini ya mmoja na hasira ya mwingine kwa pumzi moja, na wewe msikilizaji ukawa mtu pekee unayejua kuwa usiku wanaousubiri si usiku mmoja. Nimeusikiliza mara nyingi kupita kiasi. Bado nikifika pale sauti zinapokutana, natoa hedifoni moja sikioni kama mtu anayetaka hewa.

Nilijifunza thamani ya wimbo kwa njia ya maumivu pia. Nikiwa kidato cha nne niliigeuza hadithi ya bibi kuwa igizo la mahafali. Ngoma yetu ilikuwa pipa la plastiki tulilolifunika kwa kanga, na ndani yake alikaa rafiki yangu aliyekuwa na sauti kuliko shule nzima. Tulifanya mazoezi wiki sita. Siku yenyewe mgeni rasmi akachelewa sana, ratiba ikabanwa, na mwalimu aliyesimamia shughuli akaja nyuma ya pazia: nyimbo toeni, semeni maneno tu, wazo litaeleweka. Tukatii. Zimwi likapiga pipa, na mle ndani ikatoka sauti ya mtu anayesema: "Mama, mimi ni mwanao, nimo humu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Maneno yalikuwa sahihi. Habari yote ilikuwemo. Rafiki yangu alitoka kwenye pipa analia, na miaka yote hii sijaona kuwa alilia kupita kiasi. Yule mama wa kwenye hadithi hamtambui mwanawe kwa taarifa, anamtambua kwa sauti yake ikiimba. Tulipoitoa sauti hiyo, alichobaki nacho ni pipa linaloongea.

Kwa hiyo anayeniambia kuwa haya ni mambo ya Wazungu nashindwa kumwelewa, hasa akiwa mtu wa pwani. Mama yangu ni wa Tanga, Ngamiani, mji uliotupa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star na sauti ya Shakila binti Said, Mungu amrehemu, aliyetutoka 2016. Kule nilimwona mama yangu mkubwa kwenye harusi moja. Hakuwa amesemeshana na wifi yake muda mrefu. Wimbo ukaendelea, beti ya kwanza, ya pili, yeye ametulia na juisi yake. Ilipofika beti fulani akainuka, akatoa noti kwenye mkoba, akaishika juu kwa ncha za vidole, na badala ya kupita njia ya karibu akazunguka ukumbi mzima ili apite mbele ya meza ya wifi. Akamtunza mwimbaji, akarudi kwa njia ileile. Ukumbi wote ulielewa. Wifi alielewa kuliko wote, akatazama sahani. Hapakusemwa neno, na siku ya pili hakuna aliyeweza kudai kuwa ametukanwa. Anayeuliza nani kwenye maisha huacha kuongea akaimba, nampeleka Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, siku ya Jumamosi.

Na wimbo wa kubeba kisa kizima tunao zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, ambaye sauti yake iliwekwa kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928, aliimba juu ya muuaji aitwaye Kijiti: mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja, akauawa, muuaji akakimbia, na waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Ndani ya wimbo mmoja mna safari, mauaji, kesi na dhuluma. Ni igizo ambalo halijapewa jukwaa. Johannesburg nao hawakumsubiri mtu wa kuwaruhusu: mwaka 1959 waliandaa King Kong, kisa cha bondia wa kweli, muziki wa Todd Matshikiza, na Miriam Makeba akiwa mmoja wa waimbaji wake wakuu.

Hapo ndipo yanapoanza malalamiko yangu, na nayasema kwa mapenzi. Bagamoyo ndiko mahali pake. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa, na leo kikiwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, bado kinafundisha muziki, ngoma na uigizaji ndani ya uzio mmoja, mbele ya bahari. Hapa ndipo alipoishi Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki 2003, na jamaa zake wangali wanapiga. Kila kiungo kipo. Lakini angalia jinsi tunavyopakua: ngoma inatoka, inaondoka, igizo linaingia, linaondoka, bendi inafunga kazi. Hata enzi za vikundi vya burudani vya Muungano na TOT, uliweza kulipa kiingilio kimoja ukapata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu kwa usiku mmoja, ila kila kimoja kwenye sahani yake. Kwenye tamthilia za televisheni hali ni mbaya zaidi. Wimbo umegeuzwa kuwa pambo la kufungulia na kufungia, mhusika akiwa na jambo zito anakaa kwenye kochi na kulieleza.

Simba, Rafiki na Pumbaa wa igizo la The Lion King wanaitwa kwa majina yetu jukwaani New York tangu 1997. Nafurahi kila nikiyasikia. Lakini nataka nisikie Kiswahili kikibeba kisa, chenye mafumbo yake, kwa watu wanaolijua fumbo linapigwa upande gani. Kisa kimoja, nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya kisa hicho, ganuni na fidla upande mmoja, ngoma na ilimba upande wa pili, na waigizaji wanaoweza kuimba na kucheza bila kupumzishwa. Ni kazi ya miezi na inahitaji fedha, najua. Harusi zetu nazo zinahitaji fedha na miezi, na tunazifanya.

Mimi nimeanza na nilicho nacho. Naiandika upya hadithi ya bibi, nyimbo nne zimekamilika. Iliyonikwamisha ni ya mama. Bibi hakumpa mama wimbo: kwake mama anasikia ngoma, anainuka kimya, anampikia zimwi chakula kingi mpaka alale, kisha anampasulia mtoto ngozi atoke, na ngoma anaijaza nyuki. Mimi nataka mama aimbe. Hawezi kupaza sauti yake mwenyewe, zimwi yupo pale na fimbo zake. Itabidi aimbe ndani ya wimbo wa mtoto, aitikie pamoja na kijiji kizima kama mtu asiyejua lolote, ila abadilishe neno moja tu. Neno ambalo watu wote watalipita na mtoto mle gizani atalikamata, ajue kuwa amefika nyumbani na anyamaze asubiri. Nalitafuta neno hilo tangu Ramadhani. Jana usiku nilidhani nimelipata, nikaliimba kwa sauti jikoni huku nikipigia sinia, nikaona bado.