Fereti Hafai Tanga

Kila video ya fereti, yule mnyama mdogo mrefu mwembamba anayefugwa Ulaya, inayozunguka kwenye simu huacha swali lilelile kwa vijana wa hapa Tanga: huyu anapatikana wapi? Mimi nasema asitafutwe. Nyumba zetu za pwani zina paka, na paka anatosha.

Simdharau fereti. Ni mnyama mchangamfu na mdadisi. Akifurahi huruka ubavu ubavu huku ameukunja mgongo, na hupenda kuiba vitu vidogo akavificha chini ya makochi. Ulaya amefugwa zaidi ya miaka 2,000, kazi yake kubwa ikiwa kuingia mashimoni kuwafurusha sungura. Lakini mwili wake ni wa nchi za baridi. Hawezi kujipoza kwa jasho. Hali ya hewa ikipita nyuzi 27 huanza kutaabika, na ikizidi humuua. Sasa fikiria Februari, mtaani Ngamiani hapa Tanga: mchana umevuka nyuzi 30, hewa ina unyevu wa bahari, juu bati, umeme umekatika, na mnyama yumo kizimbani. Huko si kufuga, ni kutesa.

Jike ana balaa jingine. Akiingia msimu wa kutaka dume asipandwe, hali hiyo haikatiki. Homoni humlimbikia mpaka uboho unashindwa kutengeneza damu, na anaweza kufa. Lazima awahiwe na daktari anayemjua vizuri, ilhali madaktari wetu wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa.

Kuna na harufu. Mwenye banda la kuku anamjua kicheche. Fereti ni wa ukoo huo, pamoja na nyegere. Hanuki vikali hivyo, ila harufu imo ngozini, na kumwogesha kila mara huizidisha.

Paka asili yake ni paka-mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, kwa hiyo jua letu si geni kwake. Ameishi na watu muda mrefu mno: huko kisiwani Kupro (Cyprus) alikutwa amezikwa kando ya binadamu, kaburi la yapata miaka 9,500. Panya wa stoo humwogopa. Na kwetu Waislamu, akinywa maji ya ndoo hayanajisiki. Mtume alimhesabu katika wanaotuzungukia majumbani.

Kinachoniuma ni kwamba mnyama huyu tunamwona wa bure. Jike huzaa hata mara tatu kwa mwaka, kisha vitoto vinatiwa kwenye kiroba na kutupwa sokoni, macho hayajafumbuka. Vinavyopona vinakua vikigombea matumbo ya samaki na kupigwa mawe. Halafu mtu huyohuyo yuko tayari kulipa fedha nyingi aagiziwe fereti!

Fedha hizo zingemfunga kizazi paka wa uani kwako na wa jirani, na kumhasi dume anayepigana usiku juu ya bati. Zilipie pia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua na kuuma watoto. Huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu. Maziwa usimpe, wengi wakishakua huwaharisha. Mpe dagaa wasio na chumvi, na maji safi kila asubuhi.