Hilo fundo la kiunoni limefungwaje huko dimensheni ya nne?

Juzi usingizi umegoma nikawa naperuzi tu, nikakutana na klipu ya jamaa mwenye sauti nzito anaeleza kwamba viumbe tusiowaona wanakaa "dimensheni ya nne", na mchoro kaweka kabisa, kiumbe kirefu kina joho, kiunoni kamba imefungwa fundo zuri. Watu wanaitikia amina. Mimi macho yameganda kwenye ile kamba.

Jamani, dimensheni sio chumba cha nyuma! Ni upande wa kwendea: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, basi, tatu. Ukiongeza wa nne hujaongeza stoo ya kuficha viumbe, umevuruga kila kitu.

Anza na hilo fundo. Chora duara kwenye karatasi, ndani yake chora sisimizi asiyejua kama kuna juu. Kwake ule mstari ni ukuta, hatoki ng'o. Angekuwa sisimizi wa kweli ungembeba kwa juu ukamtua nje, na ukuta haujaguswa. Sasa fundo nalo linashika kwa sababu uzi umezuiwa na uzi mwenzake, ila kwenye dimensheni nne unausogeza kidogo tu kwa ule upande wa ziada, unampita mwenzake bila kugusana, unarudi ng'ambo, kwisha habari. Hakuna fundo la uzi linaloshika huko, wanahisabati walishamalizana na hilo zamani. Kamba za viatu, nyavu, sweta, vyote vinafumuka. Huko cha kupiga fundo likakaa labda kitu kama ngozi ya puto, na hapo kichwa changu kinagoma. Usiku uleule nilivua kamba ya kiatu nikaipiga fundo mezani, nikaikodolea nusu saa nzima nitafute huo upande wa kupitia. Sikuuona. Niliambulia shingo kuuma.

Na hilo joho lenyewe atalivalia sayari gani? Kwetu umbali kutoka kwenye jua ukiwa mara mbili mvutano wake unabaki robo, kwenye nne unabaki moja ya nane, na tangu 1917 mwanafizikia Ehrenfest alionyesha kwamba hapo sayari haitulii kwenye njia yake, ukiigusa kidogo inalivaa jua au inapotelea gizani. Dimensheni mbili nazo msizikimbilie: mnyama wa bapa akiwa na utumbo wa kutoka mdomoni hadi nyuma anakatika vipande viwili.

Haya, kwa shingo upande nakubali wanafizikia nao wanaongeza. Kaluza 1921 aliingiza ya tano (wakati nao ukihesabiwa), mvutano na sumakuumeme vikakaa pamoja, Klein 1926 akasema hiyo ya ziada imejikunja, ndogo mno hata hatuioni. Nadharia ya nyuzi, ile inayosema chembe ndogo kabisa ni vijiuzi vinavyotetemeka, ndiyo imeenda mpaka 10. Lakini hiyo iliyojikunja ni ndogo kuliko atomu, sasa nani anaingia humo na joho?

Nikamuuliza jamaa kistaarabu kabisa, kaka, hilo fundo limeshikaje? Kanirushia emoji ya kucheka na "ndugu soma sana". Sawa, nasoma. Leo nimepita tena, kaweka klipu mpya, safari hii kiumbe kina na viatu vya kamba.