Zimamoto na majirani wako wapi kwenye mpango?

Makala niliyoisoma hapa inazungumzia mpango wa dharura wa ghala la mbolea kana kwamba ni kununua mitungi ya kuzimia moto na kuwafundisha wafanyakazi, basi. Wanaokufa kwanza, yaani zimamoto na majirani, wamesahauliwa.

Angalieni mji wa West, Texas, Marekani. Tarehe 17 Aprili 2013 ghala la mbolea lilishika moto, na dakika 20 hivi baadaye nitrati ya amonia, kemikali ya mbolea iliyokuwa humo, ikalipuka. Walikufa watu 15, wengi wao wazimamoto wa kujitolea na wengine waliokimbilia kusaidia. Jengo lilikuwa la mbao, mbolea imehifadhiwa humo kwenye vizimba vya mbao, bila mfumo wa kunyunyizia maji. Jirani kulikuwa na shule, nyumba za kupanga na makao ya wazee! Ilikuwa jioni, wanafunzi hawakuwepo. Mungu saidia ingekuwa saa nne asubuhi.

Januari 2022 kiwanda cha mbolea kiliungua Winston-Salem, North Carolina, kikiwa na mamia ya tani za kemikali hiyohiyo. Zimamoto walirudi nyuma, maelfu ya wakazi wakaambiwa waondoke, na hakufa mtu.

Kwa hiyo mwenye ghala awape zimamoto orodha ya kilichomo na kiasi chake kabla ya moto, wakubaliane mapema ni wakati gani wanaacha kuzima na kuondoka. Majirani nao wafanye mazoezi ya king'ora, wajue pia kwamba gesi ya amonia, ambayo ni sumu, ikivuja hawakimbii kufuata upepo unakoelekea.