Themu ya edita ipimwe kwa komenti zake

Jamani mimi siku hizi nikijaribu themu mpya ya edita, yaani mpangilio wa rangi wa programu ya kuandikia kodi, sianzi na rangi za fankisheni wala stringi, naenda moja kwa moja kwenye komenti, yale maelezo ya watu ndani ya kodi ambayo kompyuta inayaruka, zikinishinda kusoma, hiyo themu naitoa hapohapo hata ingekuwa inapendeza vipi.

Kilichonifikisha huku ni mistari miwili ya kodi. Nilikuwa narekebisha faili aliyoiandika mtu mwingine, nikaona kuna hatua mbili zimepangwa kiajabu ajabu, nikazigeuza isomeke vizuri, testi zikapita zote, nikaenda kulala. Kesho yake rekodi zinaingia mara mbili mbili. Kurudi kwenye faili, juu kabisa ya ile mistari pameandikwa: usigeuze huu mpangilio, loku lazima ifungwe kwanza (loku ni kufuli la kuzuia kazi mbili zisiandike kwa pamoja). Ilikuwepo muda wote, kijivu juu ya kijivu, na macho yangu yalishazoea kuiruka.

Yaani sehemu pekee kwenye faili ambayo binadamu anaongea na binadamu mwenzake ndiyo inafifishwa kuliko zote! Mimi hili linanikera kweli. Na halihitaji ubishi wa ladha, linapimika, kwa sababu miongozo ya WCAG, ile ya kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na bakigraundi kwa angalau 4.5 kwa 1. Sasa chukua themu ya Solarized ya Ethan Schoonover, ya mwaka 2011, rangi 16 zilizopangwa kwa umakini mkubwa na naiheshimu sana kazi ile, lakini kwenye toleo la giza maandishi ya kawaida yanapata kama 4.75, yamevuka kwa shida, halafu komenti zinaanguka mpaka 2.8 hivi. Monokai, themu nyingine maarufu, na kile kijivu chake cha asili inacheza kwenye 3. Sisemi ni themu mbaya, nasema komenti zimeonewa.

Wala usikimbilie nyeupe tupu juu ya nyeusi tupu, ile ni 21 kwa 1, ndiyo mwisho wa kipimo, na kwenye skrini nyeusi mboni ya jicho inapanuka kwa hiyo mwenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) anaona herufi zinang'aa na kuvuja pembeni. Mchana chumba kina mwanga mwingi mimi natumia themu nyeupe tu, basi.

Kitu kingine ni nyekundu na kijani kwenye difu, ule mwonekano wa mistari iliyofutwa na iliyoongezwa kwenye faili. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini karibu mwanaume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, na hizo mbili ndizo zinazowasumbua wengi wao, kwa hiyo mstari uliofutwa na ulioongezwa anaweza kuona vinafanana. Themu za Modus za Protesilaos Stavrou, zinazokuja ndani ya edita ya Emacs, zimelifikiria hili, zina matoleo maalumu kwa watu hawa na zinalenga 7 kwa 1. Hiyo ndiyo kazi ya mtu anayejali msomaji.

Mimi themu yangu ya zamani sijaiacha, nimeingia kwenye setingi nikabadilisha rangi moja tu, komenti sasa ni za njano iliyokolea, zinaonekana kuliko kodi yenyewe. Ile ya loku naiona hata nikiwa naskroli haraka.