Mimi nataka ile karatasi yenye tarehe tu

Mama mdogo wangu anakaa Nansio, na tangu mwaka jana anafuatilia kubadilisha jina kwenye kiwanja cha marehemu mumewe huku Buswelu. Kila akija ni nauli ya meli, daladala, halafu analala kwangu Kirumba. Kavuka mara nne. Ya kwanza faili halionekani, ya pili mtandao uko chini, ya tatu mwenye kusaini yuko semina Dodoma, ya nne wakamuuliza eti mama hizi karatasi ulileta lini? Akakosa la kusema, maana siku ile aliondoka na neno "utapigiwa" tu.

Na ukutani palepale ofisini, juu ya kichwa cha yule dada wa dirishani, kuna mkataba wa huduma kwa mteja kwenye fremu safi, unasema siku 14 za kazi. Nimeusoma wote, foleni ilikuwa ndefu. Zikipita hizo 14 inakuwaje? Kimya.

Kule India jimbo la Madhya Pradesh walitunga sheria kabisa 2010, Bihar wakafuata 2011. Kila huduma ina siku zake na afisa wake, zikipita unakata rufaa kwa mkubwa wake, ukikwama kuna ngazi ya pili, na Madhya Pradesh aliyechelewesha bila sababu ya maana anaweza kupigwa faini ya rupia 250 kwa siku, mwisho 5,000, inatoka mfukoni mwake na mwombaji anaweza kufidiwa humohumo.

Wengi hapo kwenye faini ndo wanashangilia. Mimi hapana, afisa akiiogopa faini si atakataa tu kupokea, atakwambia fomu haijakamilika nenda kapige picha nyingine? Kwangu mimi dili ni stakabadhi, unakabidhi karatasi unapewa risiti yenye tarehe ya leo na siku ya mwisho. Bila hiyo siku 14 zinahesabiwa kuanzia wapi? Na siku ya mwisho kuwekwa kisheria wala sio jambo geni kwetu Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imetaja siku 30 za kujibiwa.

Safari ya tano mama mdogo kaja na kaunta buku. "Mwanangu, niandikie hapa leo tarehe ngapi, halafu usaini." Kijana akacheka, akamtazama mwenzake, akasema mama kaa kwanza kwenye benchi. Faili likaonekana, kumbe lilikuwa kabatini muda wote.

Saini ndo bado.